Mume Wangu, Zeze Lake na Bati Zetu 55

Kutafuta kampuni ya kudhamini okestra si mchezo. Mimi niligundua kwamba mdhamini wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe, na hakuna aliyeniomba.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nimekaa jikoni na chai yangu ya tangawizi, nikafungua simu kuangalia salio la akaunti yetu ya ujenzi. Akaunti ni ya wawili, mimi na mume wangu, na ilikuwa imebeba jambo moja tu: bati. Nyumba yetu ya Nzuguni kuta zimesimama, kenchi zimefungwa, fundi anapiga simu kila baada ya siku mbili, "Mama, mzigo unakuja lini?" Bati 55 za geji 30, kwa elfu thelathini moja, ni shilingi 1,650,000. Hela hiyo tuliikusanya kwa miezi kumi na moja. Salio la siku ile lilisoma shilingi 42,300.

Najua unachofikiria, mpenzi msomaji, kwa sababu hata mimi ndicho nilichofikiria. Kuna mwanamke. Nikaingia chumbani nimeshajipanga, leo atanitambua. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anasugua utomvu kwenye upinde wa zeze lake, wala hana habari.

"Baba, hela ya bati iko wapi?"

Akaweka upinde chini taratibu. "Mke wangu, okestra si ilipiga pale mjini Ijumaa iliyopita? Ulikuwepo. Na ulifurahi."

Ni kweli nilikuwepo, na nilifurahi mpaka nikasimama kupiga makofi. Sikujua kwamba nilikuwa nazipigia makofi bati zangu.

Okestra gani hiyo?

Sote wawili ni watoto wa Haneti, wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Wafanyabiashara wa vito wanaijua Haneti kwa krisoprasi, jiwe la kijani linalopata rangi yake kutokana na nikeli iliyomo kwenye vilima vyetu. Sisi tuliokulia pale tunaijua kwa mtama, uwele, mvua inayokuja msimu mmoja tu kwa mwaka tena ikijisikia, na ngoma. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja hapa mjini. Zeze alifundishwa na babu yake, na kama umeolewa na mtu wa namna hiyo utanielewa nikisema kwamba katika ndoa yetu tuko watatu.

Miaka michache iliyopita alianza kukusanya watu. Wakafika 28. Wapo wanawake 12 wa muheme, zile ngoma ambazo mpigaji anazibana katikati ya mapaja. Wapo wanaume wenye mazeze ya ukubwa mbalimbali, mengine nyuzi mbili, mengine nyuzi nyingi mpaka unajiuliza vidole vinapita wapi. Wapo wa marimba na wa filimbi. Na wapo vijana wanne wa violini waliojifunzia kanisani. Yeye anapanga nani aingie lini, nani anyamaze, nani ajibu.

Watu walimcheka. "Okestra? Si useme kikundi cha ngoma." Yeye huwajibu kwa swali: watu 28 wakipiga na kuimba sauti tofauti kwa wakati mmoja, na hakuna anayemkanyaga mwenzake, wewe unaita nini? Sina cha kumpinga. Mgogo kuimba sauti nyingi kwa pamoja hakufundishwa na mtu wa meli. Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huuhuu wa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere miaka ya 1960, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akarekodi na studio ya Peter Gabriel kule Uingereza, na mpaka anafariki Desemba 2003 alikuwa ameuzungusha muziki huu karibu dunia nzima. Na pale Chamwino, tangu 2009, Kituo cha Sanaa Chamwino kilichoanzishwa na Dk. Kedmon Mapana kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Cigogo ambako vikundi vya vijijini hukutana. Kwa hiyo muziki upo. Kinachokosekana ni hela.

Hesabu za mwalimu

Siku ile baada ya sauti zangu kupungua, mume wangu alinitolea daftari la shule, lile la kurasa 96. Ndani kulikuwa na hesabu za onyesho la Ijumaa. Basi la kuwaleta watu kutoka Haneti na kuwarudisha, 700,000. Chakula cha watu 28, kila mmoja 8,000, jumla 224,000. Posho 20,000 kila mtu, jumla 560,000. Vyombo vya sauti 900,000. Hapo nikashangaa, mbona vyombo vya sauti ghali kuliko chakula? Akanieleza kwamba zeze lina sauti ya chini na ngoma ina sauti ya juu, kwa hiyo kila zeze linahitaji kipaza sauti chake, la sivyo utasikia muheme peke yake na wapiga mazeze utawaona tu wakisogeza mikono.

Jumla: 2,384,000. Waliolipa mlangoni walikuwa 150, kila mmoja 5,000, yaani 750,000. Pengo ni 1,634,000. Alichukua 1,650,000. Elfu kumi na sita zilizobaki alininunulia zabibu, na mimi nilizila.

Jamani, ukiliangalia hilo daftari utaona tatizo si uvivu wala ubadhirifu. Msanii wa Bongo Flava anaweza kuja na flashi mfukoni na rafiki mmoja wa kumshikia koti. Okestra haiwezi. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili. Kiwandani mashine inaongeza kasi, watu wachache wanazalisha zaidi. Lakini muziki uliotungwa kwa watu wanne utahitaji watu wanne miaka mia baadaye, na kwa muda uleule. Mishahara inapanda, nauli inapanda, muziki haufupiki. Ndiyo maana hata okestra kubwa za Ulaya na Marekani haziishi kwa tiketi peke yake. Kuna serikali, kuna matajiri, kuna makampuni.

Nikamwambia mume wangu, "Sasa kwa nini hukutafuta kampuni?"

Akasema, "Nilitafuta. Niliandika barua saba. Hata kwenu nilileta, nikaiacha mapokezi, sikutaka uonekane unapendelea. Hawakunijibu hata kwa simu. Watu wa kampuni yenu hawana utamaduni."

Nikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe hakukuwa kwa kawaida.

Barua zinakofia

Nadhani ni wakati wa kukuambia kazi yangu. Niko idara ya masoko ya kampuni moja hapa Dodoma. Pamoja na mengine, mimi ndiye ninayesoma barua za kuomba udhamini. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, na Dodoma kuwa jiji 2018, barua zimeongezeka mno: mpira, mbio, urembo, kwaya, harusi (ndiyo, kuna watu wanaomba kampuni idhamini harusi). Nikisema nazisoma nakuongopea. Naangalia ukurasa wa kwanza. Nikikuta "tangu enzi za mababu" kabla sijakuta tarehe, mahali na nani atakuwepo, mkono wenyewe unahama kwenda barua inayofuata.

Barua ya okestra ilinifikia miezi miwili kabla ya lile onyesho. Mwandiko wa kwenye bahasha niliutambua hata kabla sijaifungua. Mwandiko uleule uliniandikia barua za mapenzi nilipokuwa chuoni. Kurasa nne. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa historia ya Wagogo. Ya tatu ilikuwa majina ya wanachama. Ya nne, mwishoni kabisa, "tunaomba ufadhili wa shilingi 38,000,000." Bila mchanganuo. Bila kusema sisi tutapata nini. Niliogopa mambo mawili: kuonekana nambeba mume wangu, na kumpelekea bosi barua mbovu yenye jina la nyumba yangu. Nikaandika "haikidhi" pembeni, nikaiweka kwenye faili. Nyumbani sikusema neno. Jioni ile nilimpikia mlenda na ugali wa uwele, chakula anachokipenda, na yeye akanishukuru.

Kwa hiyo Jumamosi ile tulikuwa wawili wenye siri, si mmoja. Nilimwambia usiku, taa imezimwa, maana uso kwa uso nisingeweza. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ungeniambia barua ni mbovu, ningeandika nyingine." Kisha akageukia ukutani. Dada yangu, kuna usingizi mrefu kuliko huo?

Kuzungumza tulizungumza siku ya tatu. Nilimwomba radhi, na yeye akaniomba. Halafu nikachukua kalamu.

Kampuni ina mifuko miwili

Hili nalisema kwa sababu wasanii wengi hawalijui, na sisi wa maofisini hatuwaambii. Kampuni ina mfuko wa kurudisha kwa jamii na ina bajeti ya masoko. Ule wa kwanza ni msaada: visima, madawati, hospitali. Ni mdogo, na unagombewa na watu wenye shida za kutisha kuliko zeze. Hata Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaupa mpaka: mchango wa hisani unaotambulika kikodi hauzidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Bajeti ya masoko ni kubwa zaidi, na haikujali kama unahitaji au huhitaji. Inauliza swali moja, watu gani wataniona? Mume wangu alikuwa anagonga mlango wa msaada akiwa na bidhaa ya masoko mkononi.

Tena kuna kalenda. Bajeti hupangwa kabla mwaka wa kampuni haujaanza. Kuna wanaoanza Januari, kuna wanaoanza Julai. Barua inayofika katikati hukuta hela zimeshagawanywa, na unajibiwa "tutawasiliana," ukikaa karibu na simu wiki tatu kama msichana aliyeahidiwa posa.

Na kuna kitu cha tatu ambacho hakiandikwi popote: ndani ya jengo lazima awepo mtu anayekupenda. Angalia Nairobi. Mwaka 2014 mfuko wa kampuni ya simu ya Safaricom ulianzisha okestra ya vijana, Safaricom Youth Orchestra, inayochanganya watoto wa matabaka mbalimbali ya jiji. Mwaka huohuo Safaricom ikaanzisha tamasha la jazi, na mapato ya tiketi yakaelekezwa kwa Ghetto Classics, mradi wa Elizabeth Njoroge unaowafundisha watoto violini na tarumbeta kule Korogocho, jirani na jalala la Dandora. Ukiuliza ilikuwaje kampuni ya simu ikaangukia kwenye violini, jibu mojawapo ni mkurugenzi wake wa wakati ule, marehemu Bob Collymore, ambaye alipenda jazi na alipuliza saksafoni. Kampuni haina masikio. Yeye alikuwa nayo.

Mume wangu aliposikia habari hizo macho yakamng'aa. "Basi tutafute mkurugenzi anayepiga zeze."

Nikamwambia na upande wa pili. Mdhamini mmoja ni mguu mmoja. Hapa kwetu neno okestra lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya wenye bendi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hizo herufi DDC. Wanamuziki walikuwa na mshahara wa mwezi, jambo ambalo wa leo wanaliota tu. Lakini vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na ukigombana na mwenye bendi unaondoka na koo lako peke yake.

Hata Zanzibar yamewakuta. Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na ambalo kwa miaka mingi limejaza Ngome Kongwe mwezi Februari, halikufanyika 2016 kwa sababu hela hazikutimia; lilirudi 2017. Chuo cha muziki cha DCMA, kinachofundisha taarabu na ngoma tangu 2002, kilisema hadharani mwaka 2019 kwamba kinaweza kufunga milango. Wote hawa wana majina ambayo okestra ya mume wangu haina. Nikamwuliza, kama wao waliyumba, wewe na barua ya kurasa nne?

Ndipo tukafanya kinyume cha alivyofanya mwanzo. Badala ya kuanza na kampuni tukaanza na uwanja. Nani anakuja kutuangalia tukipiga Haneti, si mjini? Wakulima. Wanalima nini cha kuuza? Alizeti. Nani anahitaji alizeti yao? Viwanda vya kukamua mafuta. Kwa nini tupige ukumbini mjini kwa watu 150, wakati Haneti mwezi wa saba, mavuno yakiwa ndani, tunaweza kuwa na uwanja mzima bila kiingilio?

Andiko jipya lilikuwa ukurasa mmoja. Kampuni yangu haikuwemo kwenye orodha. Nilimweleza bosi kwamba mwenye okestra ni mume wangu, na nikajitoa. Kiasi tulichoomba kilikuwa 3,000,000, kila shilingi na kazi yake.

"Hii namba ni ya nini?"

Kiwanda kilichotujibu sikitaji, ni kidogo, cha familia. Mzee mwenyewe alitupokea ofisini, meza imejaa vichupa vya mafuta. Alisoma ukurasa wote, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii 930,000, 'deni la onyesho lililopita,' ni ya nini?"

Tulibishana juu ya mstari huo usiku kucha. Mume wangu alitaka tuufiche ndani ya "vyombo vya sauti". Mimi nilisema tuuache wazi, na kama mzee akikataa, akatae. Tulikuwa tumeshakaa na wanachama, deni la familia yetu likaandikwa kwenye vitabu vya kikundi, 1,650,000, na wao wenyewe wakakubali lianze kulipwa. Hesabu ya onyesho jipya ilikuwa 1,684,000 kwa chakula, posho na vyombo vya sauti. 386,000 kwa nyuzi na ngozi mpya za ngoma. Na hiyo 930,000. Basi tulishapewa bure na mwenye mabasi mmoja mtani wetu kwa sharti jina lake litangazwe.

Nikamweleza mzee ukweli wote, bati, akaunti, zabibu. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema miaka yote anayoletewa barua na wasanii, hiyo ni namba ya kwanza aliyoiamini. Akakubali, kwa sharti la risiti ya kila kitu na nakala ya usajili wa kikundi BASATA. Vyote tulikuwa navyo, maana hicho ndicho nilichoanza nacho. Kikundi kisicho na usajili, akaunti yake na namba ya mlipakodi, hata mwenye kukupenda atashindwa kukuandikia hundi.

Lakini nisijifanye malaika. Kabla ya mzee huyo tulikwenda duka moja la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alitusikiliza, akatuvuta pembeni: tumwandikie risiti ya udhamini wa milioni mbili, yeye atatupelekea bati 55 nyumbani na kumalizana. Kikundi kisingeona hata senti. Nasema kweli, mimi nilikubali moyoni kabla hajamaliza sentensi. Niliziona zile bati zimeng'aa juu ya kenchi. Aliyekataa ni mume wangu, mtu yuleyule aliyenichukulia hela bila kuniambia. Alisema, "Bibi akiniuliza hela ya muheme iko wapi, nitamwonyesha paa langu?" Tukatoka. Njiani sikuongea, ila nilimshika mkono, kitu ambacho hatukuwa tumekifanya hadharani muda mrefu.

Fulana za njano

Kulibaki fulana. Kiwanda kilileta fulana 28 za njano zenye nembo kifuani, na kijana wao wa mauzo akasema wanamuziki wote wazivae. Bibi anayeongoza muheme, mwenye umri unaomzidi mama yangu, akaishika ile fulana kwa vidole viwili. Muheme wanapiga na kaniki na shanga. Ngoma hiyo asili yake imefungamana na jando na unyago, kuna mapigo ambayo mpaka leo hayatoki nje kwa kila mtu, na huwezi kumvisha bibi tangazo kifuani katikati ya mambo hayo.

"Kwa nini jina lake ni kubwa kuliko letu?" aliuliza. Kijana wa mauzo akaanza kueleza mambo ya mkataba. Bibi akamkatiza, bila ukali. "Mjukuu wangu, anataka watu walione jina au walikumbuke? Kama anataka walikumbuke, niachie mimi. Nitalitia kwenye wimbo."

Nilipiga simu kwa mzee palepale. Kulikuwa na ukimya, halafu akauliza wimbo ni wa dakika ngapi. Tukamalizana hivi: fulana zikavaliwa na vijana wa kubeba vyombo, mshereheshaji na wale wa violini, bango likawekwa nyuma ya jukwaa, na bibi akabaki na kaniki yake.

Siku yenyewe vumbi lilikuwa si la kawaida. Watu walikuja tangu mchana, wengine na baiskeli kutoka Itiso, watoto wakapanda miti. Vipaza sauti viwili viligoma, kwa hiyo mazeze mawili ya nyuma hayakusikika nusu saa nzima, na mume wangu alikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa. Violini zilianza chini, marimba ikajibu, kisha wanawake 12 wakaingia na mapigo yao. Niliwahi kusoma kwamba okestra ya Wakimbangu ya Kinshasa, ile ya Armand Diangienda iliyoanza 1994, nyuzi za violini zilipokatika walitumia waya za breki za baiskeli. Wazee wetu wa zeze wangewaelewa bila mkalimani.

Wimbo wa bibi ulikuja karibu na mwisho. Sitauandika hapa, ni wake. Ulitaja mvua, ukataja mkulima aliyepunjwa kwenye mizani na mlanguzi, na ukataja kwa jina mtu aliyekuja na mizani ya haki. Uwanja ukalipuka. Mzee wa kiwanda, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na kofia yake, alitazama chini muda mrefu. Baadaye aliniambia, "Mama, huyu bibi amenifunga. Sasa nikipunja hata nusu kilo nitaimbwa."

Wiki tatu baadaye nilikwenda Haneti kumsalimia mama. Watoto waliokuwa wanachota maji walikuwa wanaimba jina la kiwanda, na wala bango halikuwepo tena. Lilikuwa limeshakuwa turubai la banda la mbuzi la mtu.

Mwaka huu mzee ameomba tukutane mapema, kabla hajapanga bajeti. Mume wangu ameanza tena kuota milioni 38, nami nimemnunulia daftari jipya. Deni letu limebaki 720,000. Bati 31 zimepigwa, vyumba viwili na sebule. Upande wa jikoni bado tunaona anga, na mvua za Desemba haziko mbali.